Jina la Stanley: Asili Yake, Maana Yake, na Jinsi Lilivyofika Kwetu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Gazeti letu la kila muhula huwa na habari za michezo, za bustani ya shule na za mitihani. Safari hii naomba nafasi nieleze habari za jina moja tu. Jina hilo ni Stanley. Ni jina la ukoo la Waingereza, tena la zamani sana. Lakini ni jina la baba yangu pia, naye ni mvuvi wa dagaa katika ziwa letu hili la Tanganyika. Kwa hiyo nami naitwa kwa jina hilo kila asubuhi majina yanaposomwa darasani.

Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ilianza tulipokuwa tukisoma katika Historia habari za watangulizi wa ukoloni, yaani wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Mwalimu alipoandika ubaoni jina la Henry Morton Stanley, darasa zima liligeuka kunitazama. Tangu siku ile nimekuwa "mjukuu wa mpelelezi". Mwanzoni nilicheka pamoja nao. Baadaye nilichoka kucheka.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwanzoni mwa mwaka huu ilibandikwa orodha ya majina ya watahiniwa wa Kidato cha Nne, ili kila mmoja ahakikishe jina lake. Nikaona jina la baba yangu limeandikwa Stanslaus. Kosa hilo ni la tangu nilipoandikishwa darasa la kwanza. Mama alisema "Stani", kama watu wote wa kijijini wamwitavyo baba, naye aliyekuwa akiandika akalimalizia jina hilo kama alivyodhani. Nilipokuwa mdogo sikujali. Lakini jina litakaloandikwa katika cheti cha Kidato cha Nne ndilo mtu atakalokwenda nalo chuoni, kazini na kila mahali. Tukaambiwa kwamba mwenye kosa alete cheti cha kuzaliwa na hati ya kiapo.

Nasema kweli, moyoni nilitaka kuliacha kosa lile libaki. Stanslaus ni jina la mtakatifu, hakuna ambaye angenicheka kwa ajili yake. Tena baba asingepoteza siku za uvuvi kwa safari ya Mpanda. Nilipomweleza mwalimu wetu wa Historia, alinijibu kwa maneno machache: "Usitupe kitu usichokijua. Kachunguze kwanza, kisha utaamua." Basi nikachunguza, katika vitabu, kwa walimu, na mwisho kwa babu yangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

WAINGEREZA WALIVYOPATA MAJINA YA UKOO

Zamani Waingereza wengi walikuwa na jina moja moja tu. Mtu aliitwa John au William, basi. Katika kijiji kidogo jina moja latosha, maana kila mtu amjua mwenzake. Lakini mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaitwaa Uingereza. Watawala hao walipenda sana kuandika mambo katika madaftari. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William, liliandikwa daftari kubwa la mashamba ya karibu nchi nzima, na daftari hilo lingali likihifadhiwa London hata leo.

Sasa, ikiwa kijiji kina akina John kumi, karani atajuaje ni John yupi amekwisha kulipa kodi? Ilimbidi aongeze neno la kumtambulisha kila mmoja. Hapo mwanzo neno hilo lilikuwa la mtu mmoja, nalo likafa pamoja naye. Polepole watoto wakaanza kulirithi, na kufikia mwaka 1400 hivi Waingereza wengi walikuwa na majina ya ukoo yasiyobadilika kutoka baba hata mjukuu.

Majina hayo ni ya namna nne. Ya kwanza ni ya kazi. Smith ni mhunzi, Taylor ni mshonaji, Cook ni mpishi, Miller ni mwenye kinu cha kusagia nafaka. Ya pili ni ya umbo au sifa. Short ni mfupi, na Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu. Ya tatu ni ya baba. Jina linalokwisha kwa -son maana yake ni "mwana wa", sawasawa na bin tunalolijua sisi. Wilson ni mwana wa Will, Jackson ni mwana wa Jack, Anderson ni mwana wa Andrew. Katika bweni letu yumo rafiki yangu ambaye baba yake aitwa Wilson. Nilipomweleza kwamba yeye basi ni binti wa mwana wa Will, alicheka mpaka mlezi wa bweni akaja kuuliza kuna nini.

Namna ya nne ni majina ya mahali. Mtu aliyetoka kijiji fulani, au aliyemiliki ardhi pale, aliitwa kwa jina la kijiji hicho. Stanley ni la namna hii.

MAANA YA STANLEY

Jina hili limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale. La kwanza ni stan, yaani jiwe. La pili ni leah, yaani mahali palipofyekwa msituni. Basi Stanley maana yake ni mahali penye mawe palipofyekwa katika msitu. Aliyewahi kulima shamba la namna hiyo alijua vema, kwa maana jembe hugonga jiwe kila hatua. Neno lile leah ndilo lililobaki kama -ley katika majina mengine tunayoyasikia hapa petu. Bradley ni mahali papana palipofyekwa, na Wesley ni mahali palipofyekwa upande wa magharibi.

Uingereza kuna vijiji na miji kadhaa yenye jina la Stanley, katika majimbo ya Staffordshire, Derbyshire, Durham, Yorkshire, Gloucestershire na Wiltshire. Si ajabu, kwa sababu mawe na misitu vilikuwa kila mahali. Kwa hiyo si kweli kwamba Waingereza wote waitwao Stanley ni wa ukoo mmoja. Ni kama sisi tulivyo na Majimoto ya huku Katavi na Majimoto ya Mkoa wa Mara. Jina ni moja, maana ni moja, lakini watu wake si ndugu.

Hata hivyo, ukoo mmoja wa Stanley ulipata kuwa mkubwa kuliko yote. Huo ulitokea Staffordshire, na habari zake zaanzia karne ya 12. Mwaka 1485 palipiganwa vita vya Bosworth kati ya Mfalme Richard wa Tatu na Henry Tudor. Bwana Thomas Stanley alisimama kando na jeshi lake akitazama mambo yanavyokwenda. Richard alipouawa, yasimuliwa kwamba Thomas ndiye aliyemvika Henry taji palepale vitani. Mwaka uo huo alipewa cheo cha Bwana wa Derby. Mjukuu wake wa vizazi vingi baadaye, Bwana wa Derby wa 12, alianzisha mashindano ya farasi mwaka 1780, nayo yakaitwa Derby kwa cheo chake. Kamusi za Kiingereza zasema kwamba kutokana na mbio hizo neno hilo likaanza kutumika kwa mashindano mengine makubwa. Kwa hiyo rafiki zangu wanaogombana bwenini kila Simba na Yanga wanapocheza dabi, wajue kwamba neno hilo lilipita katika nyumba ya akina Stanley.

Baadaye Waingereza walianza kuyatumia majina ya koo kubwa kuwa majina ya kwanza ya watoto wao. Ndivyo yalivyopatikana majina kama Howard, Percy, Sidney, Clifford, na Stanley. Stanley Baldwin, aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu. Stanley Matthews, aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa miguu, naye ndiye wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, mwaka 1956. Jina la ukoo la watu hawa halikuwa Stanley. Jina lilikuwa limekwisha kutoka katika ukoo, likawa la yeyote alipendaye.

Na Stanslaus je? Hilo ni jina jingine kabisa. Ni la Kipolandi, Stanisław, na lilikuwa jina la askofu wa Kraków aliyeuawa mwaka 1079 na baadaye akafanywa mtakatifu. Ndani yake mna neno la Kislavoni lenye maana ya utukufu. Halina jiwe wala msitu. Majina haya mawili yafanana mwanzo tu, kama watu wawili wasio ndugu waliovaa kanzu za namna moja. Lakini aliyekosea jina langu hakuwa peke yake. Wapolandi wengi waliohamia Marekani walipoona Wamarekani hawawezi kutamka Stanisław, walijiita Stanley.

MTOTO ALIYEJITWALIA JINA

Sasa nije kwa yule mpelelezi niliyechekwa kwa ajili yake. Jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni hili, kwamba hata yeye hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka 1841, na jina lake lilikuwa John Rowlands. Wazazi wake hawakuoana. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alipelekwa katika nyumba ya kulelea maskini huko St Asaph, akakaa humo karibu miaka 9. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa kijana wa melini. Huko alijitwalia jina la mfanyabiashara mmoja tajiri aitwaye Henry Hope Stanley. Mwenyewe alidai kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe, lakini wanahistoria waliochunguza habari zake hawakuona dalili za kutosha kuamini hivyo. Jina la Morton aliliongeza baadaye.

Kwa hiyo mtu aliyelifanya jina la Stanley lijulikane katika Afrika nzima hakuwa na ukoo wa Stanley hata kidogo. Alikuwa mtoto asiye na kwao, aliyeona jina zuri akalivaa.

Mwaka 1871 alifika Ujiji akimtafuta Daktari Livingstone. Alipokuwa akija kutoka Tabora alizunguka kusini kwa kuogopa vita vya Mtemi Mirambo, akapita Ukonongo na Ukawendi, nchi ambazo sehemu zake leo ni za Mkoa wetu wa Katavi. Mwishoni mwa Desemba 1871 yeye na Livingstone waliondoka Ujiji kwa mitumbwi wakielekea kusini, kisha wakashika njia ya miguu kupitia Ukawendi na Ukonongo tena, wakafika Tabora mwezi wa Februari 1872. Na mwaka 1876 alirudi na mashua yake, Lady Alice, akalizunguka Ziwa Tanganyika lote kwa siku 51. Alianzia Ujiji akafuata ufuko wa mashariki kwenda kusini. Basi mashua ile ilipita mbele ya ufuko wetu huu, mahali ambapo leo tunafua nguo siku ya Jumamosi.

Yapasa niseme pia habari zake mbaya, maana nazo ni za kweli. Mwezi wa Agosti 1875 aliwashambulia kwa bunduki watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Viktoria, akawaua wengi. Mwenyewe aliandika habari hizo katika magazeti, na hata Uingereza kwenyewe watu walimlaumu. Tangu mwaka 1879 mpaka 1884 alifanya kazi Kongo kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akifungua njia na kufanya mikataba na watawala wa huko. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa serikali ya Leopold, ambayo tangu mwaka 1885 hata 1908 iliwatesa sana Wakongo kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu.

Huko Kongo, alipokuwa akivunja miamba ili apitishe barabara, watu walimpa jina la Bula Matari. Kwa Kikongo maana yake ni Mvunja Mawe. Hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya jina lake la Kiingereza mlikuwa tayari na jiwe. Baadaye jina hilo la Bula Matari likawa jina la serikali yenyewe, na Mkongo aliyesema Bula Matari alisema kwa hofu. Stanley alikufa mwaka 1904. Katika kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, limesimamishwa jiwe kubwa, nalo limechorwa jina la Bula Matari. Mtu yule alianza na jina la jiwe, akaongezewa jina la mawe, akalala chini ya jiwe.

JINA HILO KATIKA AFRIKA

Baada ya Kongo kupata uhuru, mahali pengi palipoitwa kwa jina lake palibadilishwa majina. Mji wa Stanleyville ukawa Kisangani mwaka 1966. Maporomoko ya Stanley sasa ni Boyoma, na lile bwawa la mto lililo kati ya Kinshasa na Brazzaville, lililoitwa Stanley Pool, sasa ni Malebo. Jambo hilo si geni kwetu. Meli ya Liemba, iliyopita ziwani humu miaka mingi, Wajerumani waliiita kwa jina la gavana wao, Graf von Götzen. Waingereza walipoiingiza kazini tena mwaka 1927 wakaiita Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Lakini mlima mrefu kuliko yote ya Ruwenzori, katika mpaka wa Uganda na Kongo, wenye mita 5,109, ungali ukiitwa Stanley.

Jina la mahali hubadilishwa kwa amri. Jina la mtu si rahisi hivyo. Wamisionari na walimu walileta majina mengi ya Kiingereza, wazee wetu wakayapenda, wakawapa watoto wao. Wengine waliitwa Stanley wala hawakuwa na habari za mpelelezi. Huko Kenya, mmoja wa viongozi wakubwa wa wapiganaji wa Mau Mau aliitwa Stanley Mathenge, naye alipigana na Waingereza mpaka alipotoweka mwaka 1955. Hapo nilisimama nikafikiri. Kama jina lingekuwa na nguvu ya kumfanya mtu awe kama mwenye jina wa kwanza, Stanley Mathenge asingeingia msituni.

SISI NA MAJINA YA BABA ZETU

Labda msomaji atauliza: jina la kwanza la Kiingereza hugeukaje kuwa jina la ukoo Ikola? Jibu limo katika desturi yetu. Watanzania wengi hutumia jina lao, kisha la baba, kisha la babu. Rais wetu wa pili aliitwa Ali Hassan Mwinyi, na mwanawe, ambaye alikuwa Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020, ni Hussein Ali Mwinyi. Ali, jina la kwanza la baba, limekuwa jina la pili la mwana.

Mara nyingine jina la mzee mmoja hushika, likawa la nyumba nzima. Mwalimu Nyerere utotoni aliitwa Kambarage. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, na kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi. Leo watoto na wajukuu wa Mwalimu waitwa Nyerere. Jina la mtu mmoja limekuwa jina la ukoo mbele ya macho yetu, sawasawa na lilivyofanyika Uingereza zamani. Wachaga wao wana majina ya koo tangu kale, kama Massawe na Kimaro. Wasukuma na Wanyamwezi wana majina yanayoeleza mtu alivyozaliwa, kwa mfano Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni yule aliyezaliwa baada yao.

Basi Stanley lilitoka shambani likawa kijiji, likatoka kijijini likawa ukoo, likatoka katika ukoo likawa jina la kwanza. Likavuka bahari, na kwetu limerudi kuwa jina la ukoo.

LILIVYOFIKA NYUMBANI KWETU

Nilikuwa bado sijajua neno moja: nani alimpa baba yangu jina hili, na kwa nini? Baba mwenyewe alisema, "Muulize babu yako." Wakati wa likizo nilikwenda kwa babu, anayekaa karibu na Mpanda. Umri wake umepita miaka 80, lakini akili yake ni nzima.

Babu alinieleza kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi katika mgodi wa risasi wa Mpanda. Mgodi huo ndio ulioleta reli, maana njia ya treni kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950. Watu walikuja kufanya kazi kutoka pande nyingi. Babu aliwekwa kwenye kazi ya kupasua mawe kwa nyundo. Chumba alicholala alikilala pamoja na mtu mmoja mkubwa kwake kwa umri, aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mtu huyo aliitwa Stanley.

"Mimi nilikuwa sijui hata herufi moja," alisema babu. "Siku ya mshahara niliweka dole gumba, sikujua nimetia sahihi nini. Yule bwana akaniambia: mdogo wangu, usikubali kuwa kipofu na macho unayo. Kila jioni tulipokwisha kula ugali alinifundisha. Hatukuwa na ubao. Alichukua kipande cha jiwe la mgodini akaandika nacho juu ya bapa la jiwe jingine. Miezi mitano nikaweza kuandika jina langu." Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 waliagana kituoni Mpanda, naye akapanda treni. Hawakuonana tena. Babu alipopata mtoto wa kiume wa kwanza alimwita Stanley.

Nilimwuliza, "Babu, ulijua maana yake?"

Akasema, "Maana yake ni yule mtu. Ina maana gani nyingine?"

Nikamweleza yote niliyoyasoma, ya stan na leah, na ya Bula Matari. Babu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza tena, kama asiyeamini: "Umesema ni jiwe?" Nikasema ndiyo, ni jiwe. Akaitazama mikono yake, akasema, "Basi, mjukuu wangu, hakuna jina lililotufaa kuliko hilo." Halafu akataka kujua kwa nini niliuliza. Nikamweleza habari za orodha, na jinsi nilivyotaka kuacha jina la Stanslaus libaki. Hakunikaripia. Alisema tu, "Stanslaus ni jina zuri. Lakini hakunifundisha kusoma."

Usiku ule sikulala mapema. Nilifikiri kwamba katika vyeti vyangu vyote, kama ningeliacha kosa lile, yule mtu wa Nyasaland angefutika mara ya pili. Mara ya kwanza alipanda treni, na mara ya pili ningekuwa nimemfuta mimi mwenyewe, mjukuu wa mwanafunzi wake, niliyefika Kidato cha Nne.

Baba aliacha mtumbwi siku mbili, tukaenda Mpanda. Alikula kiapo, hati ikapigwa mhuri, nami nikaileta shuleni kabla ya muda kwisha. Orodha mpya ilipobandikwa nilikwenda kuitazama. Jina la baba yangu liliandikwa Stanley, herufi zake zote zimetimia.

Wenzangu wangali wakinitania, nami sikasiriki. Anayeniita mjukuu wa mpelelezi namwambia, "La, mimi ni mjukuu wa mpasua mawe," kisha namweleza kama nilivyowaeleza ninyi.

Nawaomba wanafunzi wenzangu mambo mawili. Kwanza, ubao wa orodha msiupite mbio. Someni majina yenu herufi kwa herufi, kwa sababu kosa dogo likiwahiwa mapema ni kazi ya siku mbili, likichelewa ni kazi ya miaka. Pili, mkienda likizo waulizeni wazee majina yenu yalitoka wapi. Mpelelezi amekwisha kuandikwa katika vitabu vingi, lakini yule mwalimu wa mgodini alikuwa katika kichwa cha babu yangu peke yake. Kwa wazazi wetu nasema, mkimwandikisha mtoto, semeni jina zima, msiseme lile la mkato. Na kwa walimu wetu, hasa yule aliyenituma kuchunguza, nasema ahsante.